Leonsia wa Simu Alivyokwenda Nansio

Mtaani kwake Mkuyuni walimwita Mama Koku, kwa jina la bintiye Kokulinda. Lakini kwa miaka ishirini na minne mji wa Mwanza ulimjua Leonsia kwa sauti tu. Ukiinua simu ukataka kuongea na Musoma, Shinyanga, Bukoba au Nansio, aliyeitika alikuwa yeye au mmoja wa wenzake watatu, na wengi wakisikia ni yeye walishukuru, kwa sababu hakuwa na tabia ya kumkatia mtu simu akiwa katikati ya habari ya msiba, hata kama dakika zake zimekwisha.

Kazi hiyo aliianza mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya kuletwa Mwanza na mumewe, Mwalimu Rugemalira, kutoka Kamachumu. Alikaa kwenye kiti kirefu mbele ya ubao wenye matundu na vitaa, amevaa hedifoni, anachomeka waya hapa na kuchomoa pale. Sikio la kushoto ndilo lililofanya kazi kubwa, na baada ya miaka likaanza kutoa mlio mwembamba kama wa mbu, ambao haukukoma tena. Hakulalamika. Alisema tu kwamba Mungu akimjalia kufika mbinguni hataomba kinanda wala kwaya, ataomba chumba kisicho na sauti.

Ndipo ilipotoka ile tabia yake ya makanisa. Kila aliposafiri, awe anakwenda kuzika Muleba au kumsalimia shemeji Tarime, akishuka tu stendi aliuliza kanisa Katoliki liko upande gani. Aliingia siku za kazi, saa ambazo hakuna misa, akachovya kidole kwenye maji ya baraka, akapiga goti, akakaa benchi la tatu kutoka nyuma. Hakutoa rozari. Hakufungua kitabu. Alikaa nusu saa, wakati mwingine saa nzima, mikono mapajani, anaitazama ile taa nyekundu inayowaka kando ya tabernakulo. Mwalimu Rugemalira alikwisha kukosa basi mara mbili kwa sababu hiyo, mara moja Biharamulo na mara nyingine Bunda, na ile ya Bunda alimfuata hadi ndani akamnong'oneza, "Mama Koku, unamwambia nini Mungu muda wote huo?"

"Simwambii kitu," Leonsia alijibu. "Nimeongea siku nzima miaka yote. Na yeye nadhani amechoka kusikia."

Ilikuwa kweli, ila alibakiza. Lilikuwepo jambo moja alilolisema katika kila kanisa la ugenini, mwishoni, kabla ya kuinuka, na hakuwahi kulisema katika parokia yake mwenyewe ambako kila mtu alimjua. Lilihusu Nansio.

Katika maopereta wote aliofanya nao kazi kwa waya, hakuna aliyemzoea kama yule wa Nansio, kule kisiwani Ukerewe. Jina lake Paskazia. Hawakuwahi kuonana. Waliitana kwa majina ya vituo vyao, "Nansio" na "Mwanza", na asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupiga, laini ilikuwa yao. Kwenye laini hiyo Leonsia alimsimulia mwenzake mimba zake tatu. Paskazia alimsimulia alivyofiwa na mume akiwa na miaka thelathini na mmoja, na jinsi shemeji zake walivyotaka kuchukua hadi vitanda. Leonsia alimfundisha kupika ndizi na maharage namna ya Kihaya, ingawa Paskazia alishikilia kwamba chakula hicho ni cha wagonjwa. Mvua ikinyesha Nansio, Leonsia aliisikia kwenye bati kabla hajaambiwa. Alilijua hata kosa la matamshi la mwenzake, maana kwa Paskazia, kama kwa wengi wa kisiwani, ra na la hazikuwa na mpaka. Mteja akikosa uvumilivu alimwambia, "Subili kidogo, baba," na hiyo "subili" Leonsia aliibeba hadi nyumbani, watoto wake wakakua wakiitumia kwa utani.

Kisha biashara zikafunguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kando ya ziwa, wanunuzi wanagombea kujua mzigo wa visiwani kabla ya wenzao, na laini za Nansio zilikuwa mbili tu, moja mbovu nusu ya mwaka. Watu wenye haraka wakajifunza njia. Tajiri mmoja wa samaki, mtu mcheshi mwenye kofia ya pama, alianza kupita mlango wa nyuma wa ofisi kila Ijumaa akiwa na sangara aliyefungwa kwenye gazeti. Hakusema anataka nini. Leonsia naye hakuuliza. Mshahara ulikuwa haufiki katikati ya mwezi na watoto wote watatu walikuwa shuleni. Samaki alipikwa, akaliwa, na tajiri akipiga simu aliwekwa mbele ya foleni.

Siku moja ya Machi, mwaka 1992, saa nne na nusu asubuhi, Nansio iliita. Paskazia alikuwa anahema. Mdogo wake, Teodora, alikuwa amelazwa hospitali kubwa ya kule mlimani Mwanza, anasubiri kupasuliwa tumbo siku hiyo hiyo, na alikuwa ametuma salamu kwa abiria wa meli kwamba anataka kuisikia sauti ya dada yake kabla hajaingizwa. Wauguzi walikuwa na simu mezani, wamekubali kumletea.

"Niunganishe, Mwanza," alisema. "Dakika mbili zinanitosha."

Wakati huo huo kitaa cha tajiri kiliwaka. Siku hiyo laini iliyokuwa nzima ilikuwa moja tu. Leonsia alikiangalia kile kitaa, akawaza kwamba wapasuaji hawaanzi kazi kabla ya saa sita, na hilo hakuambiwa na mtu, alilibuni mwenyewe palepale.

"Kuna simu ya haraka mbele yako, Nansio," alisema. "Nipe namba saba."

Namba saba ilikuwa ghala la samaki la kule mwaloni, ufukweni wavuvi wanakoshushia mzigo, na Paskazia aliijua kuliko mtu yeyote. Akachomeka waya kwa mkono wake mwenyewe. Tajiri aliongea dakika arobaini, mara bei, mara barafu, mara mtu fulani aliyemwibia nyavu, na Leonsia hakuwa na uso wa kumkata. Paskazia alipoipata wodi, ilikuwa imetimia saa tano na robo, na muuguzi akamwambia mgonjwa amekwisha kuingizwa. Teodora hakuamka tena.

"Asante, Mwanza," Paskazia alisema siku ile, baada ya kupewa habari. Basi. Kuanzia hapo akawa mtu wa kazi tu. "Nansio hapa. Nakusikia. Namba ngapi?" Asubuhi laini ilikaa kimya. Leonsia alitaka kusema, akakosa pa kuanzia, akaahirisha hadi wiki ijayo, na wiki ijayo, mpaka mwaka uliofuata mtambo mpya wa kujiendesha ukafungwa. Maopereta wakapewa barua za kupunguzwa kazini, na sauti ya Nansio ikaondoka pamoja na waya zake.

Basi hilo ndilo alilolisema makanisani. "Mungu wangu, yule dada wa Nansio." Hakuendelea. Aliona yaliyobaki Mungu anayajua.

*

Mwaka 1995 Kokulinda akachumbiwa. Kijana aliitwa Elias, fundi umeme aliyekuwa anafanya kazi upande wa Geita, mzaliwa wa Ukerewe, aliyebatizwa kanisa la Nansio. Paroko wa Mwanza akataka cheti cha ubatizo cha bwana harusi. Barua ziliandikwa mbili, majibu hayakuja. Elias hakupata ruhusa kazini. Mwalimu Rugemalira alikuwa anaumwa goti.

"Nitakwenda mimi," Leonsia alisema jioni moja, na alishtuka mwenyewe kujisikia.

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. Habari ya Nansio aliijua nusu nusu, kama wanaume wanavyojua mambo ya wake zao waliokaa nao miaka mingi. "Nenda," alisema. "Angalau upumzike na hawa." Alionyesha kwa kidevu upande wa jirani, ambaye tangu apate leseni ya grosari alikuwa ameweka nje spika mbili kubwa kama makabati, na muziki wake uliingia hadi kwenye sufuria.

Alipanda meli ya asubuhi Alhamisi ya pili ya Agosti. Ziwa lilikuwa tulivu. Kwa saa tatu alikaa kwenye benchi la juu kati ya magunia matupu ya machungwa na mama mmoja mwenye mabeseni ya plastiki, akijiambia kwamba atachukua cheti na kurudi na meli ya saa nane, na hakuna haja ya kuulizia mtu yeyote. Mtu kafiwa, kapunguzwa kazi, kaanza maisha yake. Utakwenda kumgongea mlango umwambie nini?

Nansio aliijua kwa masikio tu, kwa hiyo kila kitu alikikuta kikiwa kidogo. Soko alilokuwa akilisikia nyuma ya sauti ya Paskazia lilikuwa mabanda machache na vumbi. Ofisi ya posta, alikokuwa akifanya kazi Paskazia, ilikuwa nyumba moja ya rangi ya maziwa, na Leonsia alivuka akapita ng'ambo ya barabara, kitenge amekishusha hadi karibu na macho, kana kwamba jengo lingemtambua.

Ofisi ya parokia ilikuwa na katekista kijana aliyeitwa Antoni, aliyesimama mara moja alipomwona.

"Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, mama."

"Milele amina. Marahaba, mwanangu." Leonsia akaeleza shida yake.

Antoni alisikitika. Vitabu vya ubatizo vilikuwa kabatini na ufunguo alikuwa nao padri, na padri alikuwa amekwenda kigangoni kumpaka mgonjwa mafuta. Angerudi mchana. "Mama, usikae hapa juani," alisema. "Ingia kanisani, kuna ubaridi. Akirudi nitakuita."

Leonsia hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Lilikuwa kanisa la bati, refu na jembamba, kuta zimepakwa chokaa kutoka juu hadi usawa wa bega na rangi ya buluu chini yake. Vituo vya Njia ya Msalaba vilikuwa picha za karatasi ndani ya fremu, cha saba kimeliwa na mchwa pembeni. Alipiga goti, akahesabu kutoka nyuma, akakaa benchi la tatu. Kulikuwa kimya. Nje upepo wa ziwa ulikuwa unacheza na majani ya mgomba, halafu ukaacha.

Akajaribu kukaa kama alivyozoea. Ikashindikana. Sehemu nyingine zote aliacha moyo utulie kwanza, lile neno akaliweka mwishoni, lakini hapa lilikuwa mbele yake tangu alipopita mlangoni. "Mungu wangu," alianza, "yule dada wa Nansio." Na alikuwa Nansio. Hakujua sasa aseme nini.

Mlango wa sakristia ukalia. Kuku mwekundu akaingia mbio, akapita mbele ya altare bila heshima yoyote, akajificha chini ya mabenchi ya kwaya. Nyuma yake ikaja sauti.

"Toka. Jana nimekufukuza, juzi nimekufukuza. Unataka kutagia wapi, kwenye kiti cha padri? Subili wewe. Subili nikushike."

Leonsia aliganda. Mgongo wake wote uliitambua ile sauti kabla hajapata jina lake.

Mwenye sauti akatokea na ufagio mkononi. Kwa miaka yote Leonsia alikuwa amemchora kichwani mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu. Huyu alikuwa mfupi, mnene wa kutosha, kitambaa kimefungwa upande, na pengo dogo katikati ya meno ya mbele. Alimtoa kuku kwa mlango wa pembeni, akageuka, akamwona mgeni.

"Ee, samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Sikujua kuna mtu anasali. Karibu, mama. Umetoka mbali?"

Leonsia akatikisa kichwa kuitikia. Kusema hakuthubutu. Alijua akifungua mdomo tu, imekwisha.

Paskazia alimwangalia vizuri, akauona uso ulivyo, akafikiri ni mtu mwenye msiba. "Kaa tu," alisema. "Nansio hii hakuna atakayekusumbua isipokuwa yule kuku. Mimi ni wa zamu ya usafi, nafagia mbele huko, nitafagia polepole." Akaenda zake mbele, akaanza kufagia kwa kweli polepole, akiinua mabenchi badala ya kuyaburuta.

Leonsia alimtazama anavyoinama. Mlango mkubwa ulikuwa wazi nyuma yake, hatua kumi. Angeweza kutoka, akasubiri cheti chini ya paa la ofisi, akapanda meli ya saa nane, na Paskazia asingejua milele kwamba walikuwa chumba kimoja. Alishika hata mkoba. Lakini yule mwanamke alipofika kituo cha saba, alisimama akapuliza vumbi la mchwa kwenye fremu, akaifuta kwa ncha ya kanga yake, na akifanya hivyo alikuwa anajisemea kitu kidogo, kama alivyokuwa akijisemea zamani akitafuta namba kwenye daftari huku laini iko wazi.

"Nansio," Leonsia akasema.

Ufagio ukasimama.

"Nansio, Mwanza hapa."

Paskazia hakugeuka haraka. Aliuegemeza ufagio ukutani kwanza, akahakikisha hauanguki. Kisha akaja katikati ya kanisa, akapiga goti kwa mazoea alipokatiza mbele ya tabernakulo, akafika hadi benchi la nne kutoka nyuma, akakaa hapo, mbele ya Leonsia, bila kumtazama. Leonsia aliona kisogo chake na mabega yake yanapanda na kushuka.

"Nilidhani wewe ni mfupi," Paskazia alisema mwishowe.

"Na mimi nilidhani wewe ni mrefu."

"Siku ile ya Teodora," Leonsia alianza, "ile simu haikuwa ya haraka."

"Najua. Mimi ndiye niliyechomeka namba saba. Haraka ya samaki naijua."

"Yule mtu alikuwa ananiletea sangara. Kila Ijumaa."

"Hilo nalo najua. Alikuja hapa wiki ile ile, akawa anajisifu kwa wavuvi mwaloni kwamba kule Mwanza ana mtu wake kwenye simu, akitaka laini anapewa hata kama waziri anasubiri. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nanunua dagaa."

Miaka mitatu Leonsia alikuwa ameibeba siri ambayo haikuwa siri. "Mbona hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia kwa njia gani? Laini ni ile ile, na wewe ndiye uliyeishika." Paskazia alifungua kitambaa chake, akakifunga upya. "Nilikuwa na hasira, Mwanza. Nilikuwa na hasira mwaka mzima. Kila ukiita nasema, leo nitamtukana. Halafu nasema hapana, nitamnyamazia, hiyo itamuuma zaidi."

"Iliniuma."

"Nilijua. Nikafurahi. Kisha wakaleta mtambo, nikapewa barua na saa ya ukutani, nikakaa nyumbani. Hasira ipo, mtu wa kumnyamazia hayupo. Nikaanza kusahau ulikuwa unacheka vipi."

Leonsia alitaka kulia akaona hana haki hiyo. "Ningekupa laini, ungempata?"

"Sijui." Sasa Paskazia aligeuka, mkono juu ya mgongo wa benchi, wakaonana ana kwa ana kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa yamelowa lakini sauti ilikuwa ile ile. "Muuguzi alisema walimchukua kama saa tano kasoro. Mimi nilikuita saa nne na nusu. Labda ningempata. Labda angekuwa ameshachomwa ile sindano ya usingizi. Nimezipigia hesabu hizo dakika hadi zimenichosha."

"Nisamehe."

Paskazia alimtazama mgeni wake, mkoba uliobanwa mapajani, kitenge kilichoshushwa. "Ulikuja kusali," alisema. "Uliingia unasali, mimi na kuku tukakuharibia. Basi sali. Nitakaa hapa."

Akageukia mbele tena. Leonsia naye akatazama mbele.

Kwa miaka ishirini hivi walikuwa hawajawahi kuwa pamoja bila mmoja kusema. Bati lilikuwa linalialia kwa joto la saa sita. Punda aliita mbali, upande wa soko. Mlio wa sikio la kushoto ulikuwepo, lakini Leonsia aliuacha uendelee, na baada ya muda aliona kwamba pumzi yake inakwenda sawa na ya yule aliye mbele yake. Neno lake la makanisani hakulisema. Alijaribu kumwombea Teodora, ambaye hakuwahi kumwona, akakuta anamwombea kwa urahisi, kama mtu wa nyumbani. Hawakujua walikaa muda gani. Antoni alichungulia mara moja mlangoni, akaona wazee wawili wameinama, akarudi alikotoka.

Paskazia ndiye aliyejongea kwanza. "Umekula?"

"Sijala tangu chai."

"Twende nyumbani. Kuna samaki," alisema, akasita, halafu wote wawili wakaona alichokisema, na pale ndani ya kanisa wakaanza kucheka, mikono midomoni, mpaka Leonsia akashika benchi.

*

Padri alirudi saa nane kasoro. Elias alipatikana katika kitabu cha mwaka 1968, jina la baba limeandikwa kwa herufi zisizosomeka, lakini Paskazia alikuwa amemjua mama yake Elias tangu wakiwa wasichana, akalisoma jina bila kuhangaika na mwandiko. Muhuri ulipopigwa, meli ilikuwa imekwisha kupiga honi ya tatu.

"Mwalimu atakosa raha," Leonsia alisema.

"Tumpigie simu," Paskazia alisema.

Kwa mguu wakaenda posta, na hapo ikajulikana kwamba kati yao wawili, walioshika simu za kanda nzima, hakuna aliyewahi kupiga ile ya kwenye kibanda, ya kubonyeza mwenyewe. Walisimama mbele yake kama mbele ya ng'ombe mgeni. Paskazia alibonyeza namba ya grosari ya jirani wa Mkuyuni, ambaye pamoja na spika zake alikuwa na simu ya biashara. Ikaita pengine. Leonsia akamwambia amebonyeza nane mara mbili. Paskazia akamwambia hajabonyeza nane mara mbili, kidole chake kina akili. Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza, na muuza machungwa mmoja akawaomba kwa adabu, "Mama zangu, nisaidieni niwasaidie." Mara ya tatu ikashika. Muziki ulisikika kwanza, kisha jirani, kisha, baada ya kuitwa, Mwalimu Rugemalira akitweta.

"Nimekosa meli," Leonsia alimwambia. "Nalala kwa Nansio."

Mwalimu alipaza sauti juu ya muziki. "Kwa Nansio mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi msalimie," Mwalimu alisema. "Mwambie watoto wanaikumbuka subili."

Alilala kwa Paskazia siku mbili, si moja. Walivuna mihogo, walipika, walibishana kuhusu ndizi. Siku ya pili jioni Paskazia alimpeleka kwenye kaburi la Teodora nyuma ya nyumba ya kaka yao, wakang'oa majani. Neno "nimekusamehe" Leonsia hakulisikia, na hakuliuliza tena. Alipoondoka alibebeshwa gunia la machungwa ambalo mtu wa umri wake hakuwa na uwezo wa kulibeba, na Paskazia alimtafutia mpagazi akamlipa mwenyewe.

Harusi ya Kokulinda ilikuwa Oktoba. Paskazia alikuja siku tatu kabla, akaingia jikoni Mkuyuni kana kwamba alizaliwa humo, akamwendea jirani wa grosari na kumwomba apunguze spika kwa sauti ya kikazi ambayo mtu yule hakuweza kuikatalia. Kanisani alikaa benchi la mbele upande wa bibi harusi, pamoja na mama wadogo na mashangazi, na ndugu wa Kamachumu waliouliza ni nani wakaambiwa na Mwalimu kwamba ni dada wa kisiwani wa mke wake. Hawakuuliza zaidi.

Jumatatu baada ya harusi, wakati wanaosha sufuria za kuazima, Paskazia alisema, "Nataka unipeleke kule hospitali."

Wakapanda mlima asubuhi hiyo, polepole, wakipumzika kila penye kivuli. Leonsia aliuliza wodi, akaelekezwa. Ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda pande mbili, mashuka ya kijani, wagonjwa na ndugu zao na vyombo vya uji. Mwishoni palikuwa na meza ya wauguzi, na juu yake simu nyeusi. Paskazia alisimama mlangoni akaiangalia ile simu muda mrefu. Kisha akaangalia dirisha, ambalo kwa sababu ya urefu wa ule mlima lilionyesha ziwa lote hadi kule visiwa vinakoanza kuwa vya buluu.

"Kumbe alikuwa anaona nyumbani," alisema.

Muuguzi kijana akawajia. "Shikamooni. Mnamtafuta mgonjwa gani?"

"Marahaba, binti," Paskazia alisema. "Hatumtafuti mtu. Tulikuwa tunapaona tu." Alimshika Leonsia mkono, wakageuka.

Waliteremka kwa njia ya chini hadi Mlango Mmoja, kwenye marundo ya mitumba, kwa sababu Paskazia alitaka viatu vya kwenda navyo kanisani. Alijaribu jozi kumi na moja. Leonsia alipewa kigoda na mwuzaji, akakaa akimshikia mkoba na kiatu cha pili cha kila jozi, na alipoulizwa maoni yake alisema vile vya kahawia ni vizuri zaidi, na Paskazia akanunua vyeusi.